Barafu ya Kibo, chemchemi za Marangu na ubishi wa sababu: majibu kwa barua zenu

Tangu mmisionari Johannes Rebmann aandike mwaka 1848 kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na mabingwa wa jiografia kule London wakamcheka, Mlima Kilimanjaro haujawahi kuishiwa wabishi. Barua nyingi za mwezi huu ni za mlima huo. Nyingine zimetoka ziwani, pwani na Goma. Tumezifupisha na kuacha majina.

Mwalimu wa jiografia, Moshi, anauliza: Wahariri, habari za kazi. Kitabu kimoja kinasema barafu ya Kilimanjaro inakwisha kwa joto la dunia, kingine kinasema ni ukataji miti. Juzi mwanafunzi kaniletea andiko la mtandaoni kwamba mahakama ya Uingereza ilishasema yote hayo ni uongo. Nifundishe lipi?

Jibu: Mwalimu, tuanze na mahakama, maana hapo hapana mengi. Oktoba 2007 Jaji Burton wa Mahakama Kuu alitoa hukumu katika shauri lililotaka filamu ya Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, kuhusu joto la dunia isionyeshwe shuleni. Alisema hoja zake kuu zinalingana na sayansi, akaruhusu ionyeshwe pamoja na mwongozo kwa walimu, kisha akataja mambo tisa ambayo filamu ilikwenda mbali kuliko ushahidi. Kilimanjaro ni mojawapo: wataalamu, alisema, hawajaafikiana kwamba theluji ya mlima huo inapungua hasa kwa kazi ya binadamu. Anayedai mahakama ilikanusha mabadiliko ya tabianchi hajaisoma hukumu. Anayedai haikugusa Kilimanjaro naye hajaisoma.

Sasa barafu yenyewe. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12.1. Mwaka 1953 zilibaki 6.7, mwaka 1976 zikawa 4.2, mwaka 1989 zikawa 3.3, na mwaka 2011 zilikuwa chini kidogo ya 1.8. Namba hizi hazina ugomvi. Ugomvi ni wa kuzisoma. Mmoja atakwambia: kati ya 1912 na 1953, kabla hewa ukaa haijaongezeka sana, zilipotea kilomita za mraba 5.4, ilhali kati ya 1989 na 2011 zilipotea 1.5 tu, kwa hiyo kasi imeshuka. Mwenzake atachukua namba zile zile na kusema: kipindi cha kwanza kilikula asilimia 45 ya barafu iliyokuwepo kwa miaka 41, cha pili kikala asilimia 46 kwa miaka 22, kwa hiyo kasi imekaribia mara mbili. Wote wawili wamepiga hesabu sawasawa. Wape wanafunzi namba hizo wazibishanie wenyewe. Ni zoezi bora kuliko kukariri jibu la kitabu chochote.

Kuhusu sababu, kumbuka kule kileleni wastani wa joto la hewa ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Hapo barafu hailazimiki kuyeyuka ndipo iondoke. Hugeuka mvuke moja kwa moja, kama vipande vya barafu vinavyosinyaa ndani ya friza bila kutoa hata tone. Kazi hiyo inahitaji nishati zaidi ya mara 8 ya ile ya kuyeyusha barafu hiyo hiyo, na nishati hiyo hutoka juani. Jua likipiga theluji mpya, mwanga mwingi hurudi angani. Likipiga barafu kuukuu yenye vumbi, mwanga humezwa. Kwa hiyo barafu ya kileleni huishi au hufa kutegemea theluji mpya inavyokuja mara kwa mara kuifunika.

Tena kuna jambo la umbo. Barafu ya juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, haiishii kwa mteremko. Inaishia kwa kuta zilizosimama wima, nyingine za mita 20 na zaidi. Theluji haikai ukutani, lakini jua hupiga ukuta huo, ule wa kaskazini mwezi Juni na wa kusini mwezi Desemba. Ukuta wa namna hiyo hurudi nyuma tu, haujui kusonga mbele.

Kwa sababu hizo watafiti kama Georg Kaser na Philip Mote walisema kisa cha Kibo kilianza mnamo 1880, hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kavu na hata kina cha Ziwa Victoria kikashuka. Kwa maelezo yao, kilichoiumiza barafu zaidi ni uhaba wa theluji, na joto la hewa linafuata. Lonnie Thompson, aliyetoboa barafu hiyo mwaka 2000 na kutoa mihimili yake, yaani nguzo nyembamba za barafu kutoka juu hadi chini, alijibu kwamba sehemu ya juu kabisa ya mhimili ina alama za kuyeyuka zisizoonekana chini, na kwamba barafu inapungua unene pia, si ukingoni tu. Thompson huyo huyo na wenzake waliandika mwaka 2002 kwamba kasi ile ikiendelea barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha. Makadirio ya mwaka 2013 yalisogeza mwisho: sehemu kubwa iwe imekwenda ifikapo 2040, na baada ya 2060 ni vigumu kubaki chochote.

Ukataji miti je? Hoja ni kwamba msitu ukipungua, unyevu unaopanda mlimani hupungua na theluji nayo hupungua. Thomas Mölg na wenzake waliiweka kwenye hesabu za kompyuta mwaka 2012, wakakuta mchango wake katika kuondoka kwa barafu ni mdogo.

Tungekuwa sisi darasani, tungetumia Kibo kufundisha namna sababu zinavyoshikamana, halafu kwa joto lenyewe tungewapeleka Mlima Kenya na Rwenzori. Kule barafu iko chini zaidi, mahali ambapo hewa iko karibu na sifuri, kwa hiyo joto likipanda kidogo tu huuma papo hapo. Barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya ni mfano safi. Kosa la waliotangulia ni kuuchagua mlima mzuri zaidi kwa picha na mgumu zaidi kwa maelezo.

Mwongoza watalii, Machame, anauliza: Kuna msimu tumepanda theluji ikiwa magotini. Wageni wanauliza kama barafu imerudi. Tuwajibu nini?

Jibu: Waambie theluji na barafu si kitu kimoja. Theluji ya msimu huanguka usiku mmoja na inaweza kuisha baada ya siku chache za jua. Barafu ya kudumu ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa ikawa ngumu. Ukitaka kuitambua, tazama ukingo wake: utaona matabaka yaliyolala kama kurasa za kitabu kilichofungwa, rangi inayoelekea buluu au kijivu, na mistari ya vumbi. Kwa picha, shika kanuni moja: usilinganishe picha ya Aprili na ya Septemba. Piga Septemba kwa Septemba, baada ya wiki kadhaa bila theluji, ukisimama kwenye jiwe lile lile. Hata hivyo theluji ile ya magotini ina faida yake. Kwa siku inazokaa, huifunika barafu isipigwe na jua.

Mama mkulima, Marangu, anauliza: Chemchemi ya ukoo wetu ilikuwa haikauki. Sasa ikifika Oktoba inatoa uzi. Vijana wanasema ni kwa sababu barafu imekwisha juu. Ni kweli?

Jibu: Mama, barafu inasingiziwa. Tupige hesabu pamoja. Chukua barafu yote iliyokuwepo mwaka 2011, kilomita za mraba 1.8 kwa kukadiria juu. Tuseme kila mwaka inapungua unene wa mita nzima na yote inageuka maji. Hiyo ni takriban mita za ujazo milioni 1.6 kwa mwaka, yaani lita 50 kwa sekunde zikigawanywa mlima mzima. Na bado tumeipendelea, maana sehemu yake hupaa kama mvuke bila kugusa ardhi. Sasa chukua kilomita moja ya mraba ya msitu wa upande wa kusini, kwenye mkanda wa mita 2,000 na kitu ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hiyo peke yake inapokea mita za ujazo milioni 2. Kilomita moja ya msitu inapokea maji mengi kuliko barafu yote ingeweza kutoa.

Kwa hiyo elekeza macho msituni. Juu ya mita 3,000 kuna miti ya erika yenye majani membamba, iliyovikwa ndevu za kuvumwani. Mawingu yakipita, majani hayo hunasa ukungu ukadondoka chini kama mvua ya kimya. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu huo tangu miaka ya 1970, na kwamba hasara ya maji inayotokana na moto inazidi mbali ile ya kuondoka kwa barafu. Chanzo cha moto mara nyingi ni mtu: mrina asali aliyeacha mwenge, jangili, jiko la kambi. Lakini moto huo husambaa kwa kuwa kiangazi ni kikavu na kina joto zaidi, na hapo ndipo tabianchi inapoingia kisimani kwako, kwa mlango wa msitu.

Kuna sababu za karibu zaidi pia, na hizi hazisubiri mkutano wa kimataifa: mabomba mapya yaliyochukua maji juu ya chemchemi yako, mifongo (mifereji ya jadi ya Wachagga) iliyoachwa bila kuzibwa inavuja njiani, watu walioongezeka, mikaratusi iliyopandwa karibu na jicho la maji. Kabla ya kugombana na yeyote, pima.

Chukua ndoo ya lita 20. Usiamini alama ya kiwandani. Ijaze kwa chupa ya lita moja mara 20 na chora mstari mahali maji yalipofika. Ziba kando ya mtiririko kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yote yapite kwenye bomba au gogo moja la mgomba. Weka ndoo, anza saa ya simu, simamisha maji yakigusa mstari. Rudia mara 5, jumlisha, gawa kwa 5. Sekunde 16 ni lita 1.25 kwa sekunde. Sekunde 40 ni nusu lita. Ikijaa chini ya sekunde 5, ndoo ni ndogo, tafuta pipa, maana kidole kikichelewa nusu sekunde hesabu nzima inapinda. Fanya hivyo siku ile ile ya kila mwezi, asubuhi kabla watu hawajaanza kuchota. Kosa linaloharibu daftari nyingi ni kupima siku moja baada ya mvua, kisha kushangilia.

Baada ya miaka miwili utaona jambo. Mtiririko ukipanda na kushuka pamoja na mvua, miezi michache nyuma yake, chemchemi inalishwa vizuri. Mvua ikiwa ya kawaida na mtiririko ukaendelea kushuka, kuna anayechukua maji juu yako au ardhi haiyanywi tena. Kwa upandaji, sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na kwa chemchemi ni umbali mzuri wa kuuiga. Ng'oa mikaratusi iliyo humo, panda mkuyu na mringaringa. Miti hiyo haitairudisha barafu hata kidogo. Itakusaidia maji ya mvua yaingie ardhini badala ya kukimbilia Pangani.

Msomaji, Goma, anauliza: Huku kwetu volkano ya Nyiragongo inatoa moshi kila siku, na mazuku yanaua mbuzi na watu. Hiyo gesi si ndiyo ile ile mnayosema inapasha dunia joto? Kwa nini walaumiwe wenye magari?

Jibu: Ndugu, gesi ni ile ile. Mazuku ni hewa ukaa inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujikusanya mabondeni na mashimoni usiku usio na upepo, ndiyo maana mbuzi na mtoto huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama. Tofauti ni ya kiasi. Volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji hutoa takriban tani bilioni 37 kwa mwaka.

Kuna na alama ya mwenye mali. Kaboni huja kwa uzito tofauti, na mimea hupendelea ile nyepesi. Makaa na mafuta ni mimea na viumbe vya kale, kwa hiyo moshi wake umejaa kaboni nyepesi. Kaboni ya volkano ina sehemu kubwa zaidi ya ile nzito. Vipimo vya hewa vinaonyesha sehemu ya kaboni nzito inapungua mwaka hadi mwaka. Oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo, jambo linalotokea kitu kinapochomwa. Volkano ikipumua haili oksijeni namna hiyo. Hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, ikawa 315 vipimo vilipoanza Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, na sasa imepita 420. Katika mwendo huo milipuko mikubwa haionekani kama ngazi. Mlipuko wa Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991 uliipoza dunia kwa takriban nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili, kwa sababu ya ukungu wa salfa uliozuia jua.

Nyiragongo ina lawama zake nyingine, mvua ya asidi kwenye mashamba yenu ikiwamo. Hii muiondolee.

Mvuvi, Kisumu, anauliza: Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilirudi nyuma tukaambiwa ni tabianchi. Mwaka 2020 limevamia nyumba tukaambiwa ni tabianchi. Wataalamu waamue moja.

Jibu: Swali la haki. Ziwa hili lina tabia ya sufuria pana: takriban asilimia 80 ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na kiasi kama hicho hutoka kwa jua. Mto Nile huchukua sehemu ndogo iliyobaki, lakini ndiyo sehemu pekee yenye mlango unaofungwa na kufunguliwa na mtu, kwenye mabwawa ya Nalubaale na Kiira pale Jinja. Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, kwa hiyo kila sentimita moja ni karibu mita za ujazo milioni 690.

Mwaka 2006 mambo mawili yaliungana: mvua chache, na maji kufunguliwa Jinja kupita kiasi kilichowekwa na mkataba wa zamani uliotaka mto utoke kama ulivyokuwa ukitoka kabla ya bwawa la mwaka 1954. Wachambuzi walivutana kuhusu fungu la kila upande, lakini bwawa halikuwa na fungu dogo. Anayeitwisha tabianchi peke yake mzigo wa 2006 anamfunika mtu mwingine.

Mwaka 2020 ni kisa kingine. Magharibi mwa Bahari ya Hindi palipata joto kuliko kawaida mwishoni mwa 2019, vuli ikafurika, na ziwa likapanda mita 1.21 kwa miezi 6 hadi Mei 2020, likavunja rekodi ya 1964. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba joto la dunia lilifanya kupanda kwa namna hiyo kuwe na uwezekano mara 1.8 zaidi, na kwamba mchango wake kwenye kina ulikuwa takriban sentimita 7. Saba kati ya mia na ishirini na moja. Kwa aliyejenga kwenye tambarare ya ufuo, sentimita 7 zinaweza kuwa ndiyo tofauti ya maji kufika kizingitini na maji kuingia chumbani, ila zilizosalia ni mvua ambayo ziwa limeshawahi kuijua. Kabla ya kujenga, uliza wazee maji yalifika wapi miaka ya 1961 hadi 1964, kisha jenga juu ya hapo.

Msomaji, Pangani, anauliza: Kisiwa cha Maziwe kilizama babu zetu wakiona. Ni bahari kupanda?

Jibu: Kwa Maziwe, bahari kupanda ni mshtakiwa wa pili. Kile kilikuwa kisiwa cha mchanga juu ya mwamba wa matumbawe, kikishikwa na mizizi ya mivinje, na kasa walitaga hapo. Mivinje ikakatwa, mchanga ukabaki bila wa kuushika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu linaloonekana maji yakipwa. Hadi wakati huo bahari ilikuwa imepanda duniani kwa wastani wa kama milimita 1.3 kwa mwaka, yaani sentimita 9 kwa miaka 70. Si kitu cha kupuuza kwenye kisiwa tambarare, lakini mizizi ingekinunulia muda mrefu.

Leo mwendo ni zaidi ya mara mbili ya ule, kwa hiyo msilichukue jibu hili kama ruhusa ya kupumzika. Ukiona ufuo wako unaliwa, kagua kwanza wanakochota mchanga mtoni, halafu ukuta wa jirani: ukuta hurudisha wimbi kwa nguvu na kuhamishia hasara ufuo unaofuata, kwa kawaida kule mchanga unakoelekea wakati wa kusi.

Mkulima, Same, anauliza: Ukame tabianchi, mafuriko tabianchi. Na utabiri ukisema mvua chini ya wastani, shamba linasombwa. Mimi nimechoka.

Jibu: Mzee wetu, una haki ya kuchoka, maana mara nyingi unapewa neno bila maelezo. Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa yenye kiu kubwa hunyonya udongo kwa kasi siku za jua, na ikifika kumwaga humwaga kwa wingi. Mashine moja inatoa matokeo mawili. Mfano wa karibu ni ukame wa Pembe ya Afrika, misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Uchambuzi wa mwaka 2023 ulisema joto la dunia liliufanya ukame huo uwe na uwezekano kama mara 100 zaidi, hasa kwa kukausha udongo. Kuhusu masika yajayo, wanasayansi wenyewe wanavutana: hesabu nyingi za kompyuta zinatabiri mvua nyingi Afrika Mashariki, ilhali vipimo vilionyesha masika yakipungua kuanzia miaka ya 1980. Hilo limebaki fumbo, na anayekuuzia jibu rahisi mkwepe.

Utabiri nao una lugha yake. "Wastani" wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ni kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ya miaka mingi. Kama vuli yako kwa kawaida ni milimita 300, basi chini ya wastani ni pungufu ya 225. Msimu wa milimita 200 unaweza kuja na 90 kati ya hizo alasiri moja, ukakusomba Novemba na kukuua kwa kiu Desemba. Jumla ya msimu haikwambii mgawanyo. Soma sehemu inayotaja tarehe za kuanza, za kuisha, na vipindi virefu vya ukavu.

Lakini namba ya mkoa haiwezi kulijua shamba lako. Tengeneza kipimamvua chako. Chukua kopo lenye mdomo wa duara wa sentimita 10 kutoka ukingo hadi ukingo na kuta zilizonyooka. Chupa ya soda yenye kiuno inadanganya, labda upime ujazo wa maji badala ya kina. Tumbukiza faneli yenye mdomo sawasawa na wa kopo ili maji yasiondoke kwa jua. Likaze kwenye nguzo, mdomo ukiwa nusu mita juu ya ardhi, chini ya hapo matone yataruka kutoka kwenye udongo yaingie. Kama kuna mwembe wa mita 6, kaa mita 12 au zaidi mbali nao. Kila siku saa 3 asubuhi mimina maji kwenye chupa ya mtoto ya kunyonyea yenye alama za mililita. Kwa mdomo wa sentimita 10, mililita 100 ni milimita 12.7, kwa hiyo gawa mililita zako kwa 7.85 upate milimita. Andika na sifuri pia, kwa sababu siku isiyoandikwa na siku isiyo na mvua zinafanana baada ya mwezi mmoja. Majani yakiziba faneli, utaona mvua kubwa ikileta maji kidogo, kisha siku kavu ikileta "mvua". Ukiona hivyo safisha, na weka alama ya kuuliza kando ya tarehe zote mbili.